Watu Wangu Walisimama Kwenye Mstari wa Kuanzia

Makasia yangu nimeyatundika ndani ya stoo ya mahindi ya Baba Njeri, juu kabisa karibu na bati, mahali ambapo panya hawafiki na mimi mwenyewe sifiki bila ngazi. Nimefanya hivyo makusudi. Mtu akistaafu na kuacha vifaa vyake karibu na mlango, kesho yake utamkuta kazini tena, anawazibia vijana njia.

Nyinyi vijana mnaofanya mazoezi ya makasia bwawani mmenisumbua niandike, basi naandika. Ya mshahara na vyeo sitayagusa. Mshahara uliisha kila mwezi kama wa watu wengine, na vyeo walipewa wale waliokuwa na ofisi. Mimi ofisi yangu ilikuwa boti nyembamba ya mtu mmoja, na ndani yake hapakuwa na nafasi ya kuweka hata kikombe cha chai.

Nilizaliwa Sirisia, kwa watu wa mahindi na maharagwe, ambao maji waliyajua ya kunywa, ya kuoga na ya kubatizwa. Nilipomaliza shule, senge, yaani dada yake baba, aliniita Kachibora nimsaidie biashara yake ya maziwa. Kila asubuhi nilikwenda kuchukua maziwa kwa Baba Njeri, mkulima ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka upande wa Mlima Kenya na kununua shamba lenye bwawa. Bwawa lenyewe lilikuwa la ng'ombe. Jambo hilo Baba Njeri alilisema kila siku, hata kama hakuna aliyemuuliza.

Asubuhi moja nilimwona mama wa kizungu, nywele zimeanza kuwa na mvi, akikata maji ya bwawa lile huku amekaa kinyumenyume. Alikuwa na kasi hata ng'ombe wakaacha kunywa. Niliweka chini mtungi wangu wa maziwa, ule wa alumini.

"Baba Njeri, huyu mama anaenda nyuma. Si atagonga ukingo?"

"Wacha agonge," akasema Baba Njeri. "Mimi nilimwambia hii dam ni ya ng'ombe. Wakikuja, yeye atoke. Akigonga, hiyo ni maneno yake na mungu yake."

Hakugonga. Alisimamisha boti karibu kabisa na mikaratusi ya upande wa pili, akaigeuza, akarudi. Ndivyo nilivyomfahamu Madam Odile. Alikuwa Mfaransa, mwalimu katika shule moja ya wasichana pale Kitale, na alipohamia nchini alileta boti yake ndani ya kontena jinsi wengine wanavyoleta friji. Kwao alikuwa bingwa wa nchi nzima wa kupiga makasia. Hilo nililijua baadaye sana, kwa sababu hakulisema. Nililijua siku nilipoingia kwenye banda lake la kuku nikakuta medali nzito inaning'inia kwenye mlango, imefungwa kwa kamba ili upepo usiufungue. Nilipomuuliza, alisema kuku wake hawajawahi kupotea tangu aiweke hapo.

Siku ile ya kwanza alikuja mpaka ukingoni, akanitazama nikiinua mtungi uliojaa.

"Wewe, msichana wa maziwa. Rudia tena."

"Nirudie nini, Madam?"

"Kuinua huo mtungi."

Niliurudisha chini, nikauinua tena. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeona kitu kizuri sokoni na hataki mwenye duka ajue.

"Hukutumia mgongo. Umetumia miguu. Kesho njoo na nguo za kulowa."

Watu hudhani makasia ni kazi ya mikono. Mikono inashika tu. Miguu ndiyo inayosukuma: unakaa kwenye kiti kidogo chenye magurudumu, miguu imefungwa kwenye viatu vilivyoshikiliwa na boti, unajikunja, unatia makasia majini, kisha unasukuma kama unainua mtungi wa maziwa. Hayo ninayajua leo. Kesho yake nilijua kitu kimoja tu, kwamba maji ya bwawa ni baridi. Nilipinduka kabla sijashika kasia la pili. Nikapanda tena, nikapinduka kwa upande mwingine. Baba Njeri alicheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa, na ng'ombe wakaja kutazama.

"Madam," akaita, "huyu ni wa maziwa, si wa maji!"

Nilichukia. Nasema ukweli, nilichukia sana, na hiyo hasira ndiyo iliyonirudisha bwawani siku iliyofuata na nyingine nyingi. Kufikia wakati wa kuvuna mahindi nilikuwa nakata bwawa zima bila kulowa hata nywele.

Sasa niwaeleze bwawa lilivyokuwa, maana nyinyi mmelikuta limepanuliwa na mnadhani liliumbwa hivyo. Lilikuwa fupi. Kutoka stoo ya mahindi hadi mikaratusi ni robo tu ya umbali wa mbio za kweli. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa hii: kuanza kwa nguvu pale stoo, kuvuta mpaka mikaratusi, kusimama, kugeuza, kuanza tena. Madam alitaka niwe na ishara ya kuanzia, na kwa kuwa hatukuwa na kengele, Baba Njeri alijitolea kugonga mtungi mtupu wa maziwa kwa spana ya trekta. Alisema anafanya hivyo ili tumalize haraka ng'ombe wanywe. Lakini aligonga hata siku ambazo ng'ombe walikuwa malishoni.

Majirani nao wakaanza kuja kutazama. Mwanzoni walisimama kule kwenye mikaratusi, mahali pa kumalizia, kama watu wa kawaida. Wakagundua kwamba huko wanaona mgongo wangu tu, na mimi siwaoni kabisa, maana mpiga makasia anatazama alikotoka. Basi wote wakahamia stoo. Tangu hapo ikawa desturi ya Kachibora: mshangiliaji anakaa mwanzoni. Nilipokuwa navuta, nilikuwa nawatazama wote usoni, wakipungua kidogo kidogo, na Baba Njeri katikati yao na spana yake.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Mafuta ya kukamulia, yale ya kupaka chuchu za ng'ombe, yanafaa kwa magurudumu ya kiti na kwa malengelenge ya mikono. Msichanganye kopo la ng'ombe na lenu, senge alinifukuza jikoni kwa ajili hiyo. Boti ikipasuka, tafuta fundi wa bodi za magari. Yule wa Bungoma mjini aliyetuzibia tundu la kwanza aliuliza hii gari magurudumu yake yako wapi, lakini kazi yake haijavuja mpaka leo. Na kasia likikwama majini tukasema limeng'atwa, usishindane nalo. Liachilie, vuta pumzi, lichukue tena.

Mashindano yangu ya kwanza makubwa yalikuwa kwenye bwawa kubwa la kuzalisha umeme, safari ya siku nzima kutoka Kitale. Nilikwenda na Madam peke yetu, boti juu ya pikapu. Niliyatazama maji yale. Hayakuwa na mwisho. Wasichana wengine walikuwa wamefanyia mazoezi kwenye maji marefu na walikuwa na boti zinazong'aa. Wakaniuliza ninatoka klabu gani.

"Ya kwa Baba Njeri," nikasema.

Bastola ilipolia niliondoka kama nimefukuzwa. Hakuna aliyekuwa karibu nami. Niliwaona wote mbele ya macho yangu, yaani nyuma ya boti yangu, wakihangaika. Moyo ulijaa. Nikasema leo watanijua. Basi ukingo wa kuanzia ukaendelea kupungua, ukapungua, mpaka ukawa mdogo kama stoo ya Baba Njeri inavyoonekana ukiwa kwenye mikaratusi. Na mikono yangu, bila kuniuliza, ikasimamisha boti, ikaigeuza.

Niligeuza boti katikati ya mbio. Nilikuwa wa kwanza, nikageuza kurudi nyumbani kama ng'ombe aliyefika mwisho wa malisho. Niliziba njia ya msichana mwingine, naye akapiga kelele ambazo sitaziandika. Mwamuzi alikuja na boti ya injini, uso umejaa huruma.

"Dada, unaumwa?"

"Hapana."

"Umesahau kitu?"

Nilitolewa mashindanoni. Madam alikaa ukingoni akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akayafuta, na sura yake ikabadilika. Waandaaji walimwambia wataniruhusu nirudi mwaka unaofuata mara moja tu, na nikigeuza tena nisirudi. Mwaka huo unaofuata, atakayeshinda mbio za boti ya mtu mmoja ndiye atakayevaa jezi ya taifa. Nafasi ilikuwa moja.

Habari ilifika Kachibora kabla yetu. Sokoni waliniita Nekesa wa Kona. Watoto walinikimbilia, wakifika karibu wanageuka na kurudi. Senge alinikalisha chini.

"Rudi kwa maziwa, mama. Hii kitu ya kwenda nyuma nyuma itakuretea aibu mpaka rini? Hata mwenye dam anasema ni ya ng'ombe."

Lakini jezi ile niliitaka. Niliitaka mpaka nikawa naiona nikiwa nachuja maziwa, nikiwa kanisani, nikiwa nachambua mchele. Sikuwahi kutaka kitu namna hiyo, na nilikuwa nimekitupa kwa mikono yangu mwenyewe.

Tulijaribu mto Nzoia. Mawe yalitupokea vizuri na fundi wa Bungoma akapata kazi tena. Tulijaribu kuzunguka bwawa kwa duara bila kusimama, nikapata kizunguzungu na Baba Njeri akalalamika kwamba ng'ombe wakinitazama maziwa yao yatakuwa siagi. Nilikata tamaa. Nilikaa chini ya stoo, nikamwambia Madam kwamba bwawa hili limeniharibu.

Alikaa kando yangu, akachukua muda mrefu kufunga kamba za viatu vyake.

"Mimi huko kwetu nilikuwa na mto mrefu," akasema. "Kwa siku nilianza mara tatu, mara nne. Wewe unaanza mara ngapi?"

"Sijui. Hata mia."

"Katika maisha yangu yote ya makasia sijaona mtu anayejua kuanza kama wewe. Na wale wengine wanaanza mara moja tu katika mbio nzima. Sasa niambie, mbio ile ina mabwawa mangapi ya Baba Njeri?"

Nikahesabu. "Manne."

"Basi utaanza mara nne."

Huo ndio uliokuwa mpango wote. Tuliacha kutafuta maji marefu. Nilivuta bwawa, na nilipofika mikaratusi sikupumzika tena, niligeuza haraka na Baba Njeri akagonga mtungi hata kabla boti haijanyooka. Kuanza juu ya uchovu, kisha kuanza tena juu ya uchovu ule. Nilitapika mara nyingi kwenye nyasi za Baba Njeri na hakusema neno, ila siku moja aliniletea uji.

"Kunywa hiyo," akasema. "Na hiyo siku mimi nitakuja."

"Baba Njeri, ni mbali sana."

"Kwani nani atakugongea? Huyo mwamuzi wa bunduki?"

Walikuja na lori la mahindi. Baba Njeri na suti yake ya harusi, senge na kitenge kipya, nusu ya soko la Kachibora, na ndugu zangu wa Sirisia waliopandia Kitale. Na walipoteremka walifanya jambo ambalo watu wa mchezo huu walilisimulia miaka mingi. Mashabiki wote walikuwa wamejaa kule kwenye mstari wa kumalizia, chini ya mahema. Watu wangu waliuliza mbio inaanzia wapi, wakaenda huko, wakapanga mstari ukingoni.

Kijana mmoja wa waandaaji aliwafuata mbio. "Wazee, hapa hamtaona mshindi! Finish ni kule mbali!"

"Tunajua, bana," akasema Baba Njeri. "Lakini huyu wetu anatuangalia sisi. Sasa tukienda huko mbele ataangalia nani?"

Kijana akamtazama, akatazama mtungi, akaondoka. Baadaye niliambiwa waamuzi walitafuta kwenye sheria kama mtungi wa maziwa unaruhusiwa. Hawakukuta mahali popote unapotajwa.

Bastola ililia. Niliondoka. Safari hii msichana wa njia ya tatu, bingwa wa mwaka uliopita, aliondoka nami. Nilivuta nikiwatazama watu wangu. Niliona kitenge cha senge, niliona mdomo wake wazi, ingawa sikumsikia. Wakaanza kupungua. Wakawa wadogo, na ukingo ukafikia ule ukubwa ninaoujua, ule wa kugeuza. Mikono ikaanza kulegea.

Mtungi ukalia. Gong'! Sauti husafiri vizuri juu ya maji. Baba Njeri alikuwa ameona nimefika kwenye maboya ya robo ya kwanza, na aligonga kana kwamba ng'ombe wote wa Trans-Nzoia wanasubiri. Nikaanza upya. Mwili ulijua mlio ule kuliko ulivyojua jina langu. Boti iliruka, na yule bingwa akageuka kunitazama, kosa ambalo msilifanye kamwe.

Robo ya pili mtungi ulilia tena, kwa mbali, kama kitu kilichoanguka jikoni kwa jirani. Nikaanza mara ya tatu. Miguu ilikuwa inawaka moto. Bingwa alirudi akanifikia, tukaenda sawa, kasia kwa kasia. Watu wangu sasa walikuwa mstari mwembamba tu ukingoni, rangi zimechanganyika.

Robo ya tatu sikusikia kitu. Nilisubiri mtungi, haukulia, au ulilia na upepo ukaumeza. Nilikuwa nimepita maboya na bingwa alianza kunipita. Nikatazama kule mbali, nikaona kidoa kimoja kinachopanda na kushuka. Huenda ulikuwa mkono wa Baba Njeri, huenda ulikuwa mti. Mimi niliamua ni mkono. Nikapiga kelele mwenyewe, "Gong'!", kwa sauti yangu yote, mpaka msichana wa pembeni akashtuka, na nikaanza mara ya nne.

Nilivuta bwawa lile la mwisho nikiwa nalia. Nililia kwa furaha kabla sijamaliza, jambo ambalo si la kitaalamu. Nilipopita mstari nilisikia king'ora, nikaendelea kuvuta, maana sikuamini, mpaka Madam akaingia majini na viatu vyake akashika boti.

"Simama! Nekesa, simama! Sasa unaweza kugeuza!"

Nikageuza. Nikarudi taratibu njia nzima, hadi kule nilikoanzia, kwa sababu watu wangu walikuwa hawajui nani ameshinda. Walinisubiri pale pale ukingoni. Nilipokaribia, Baba Njeri aliweka mkono mdomoni akaita, "Ati imekuwa namna gani?"

Niliinua kasia moja juu. Sitasahau kelele zile. Senge aliingia majini na kitenge kipya, mwanamke aliyeogopa hata mvua, akanikumbatia na boti yangu tukapinduka sote.

Jezi niliivaa miaka mingi. Nilishinda nayo mbele ya mataifa, na nilishinda hata Ufaransa, kwenye mto ule ule Madam Odile alikojifunzia akiwa msichana. Siku hiyo wazee wa klabu yake walimtafuta kwenye mahema ya kumalizia wasimwone. Alikuwa amesimama mwanzoni peke yake, mwanamke wa mvi tupu, anagonga sufuria aliyoiazima hotelini. Nilishinda kwa tofauti kubwa. Medali ile nilimpa Baba Njeri, naye akaifunga shingoni mwa mtungi.

Sasa Baba Njeri mikono inamtetemeka. Wiki iliyopita aliniita stoo, akanikabidhi mtungi na spana. Mtungi umebonyea pande zote kwa kugongwa, hauwezi tena kubeba maziwa. "Hiyo kazi nyingine umemaliza," akaniambia. "Shika hii."

Chebet wetu wa Kapsokwony anakwenda kwenye mbio zake za kwanza kubwa mwezi ujao. Jana tulipokuwa tunafuta boti aliniuliza, akijifanya haogopi.

"Kocha, si wewe utakuwa finish, unipokee?"

"Hapana, Chebet."

"Sasa utakuwa wapi?"

Nitakuwa mwanzoni, mama, na mtungi. Na nyinyi wengine wote mnaonifuata, mjue ni hapo nitakapokuwa. Ukianza kuvuta, nitazame. Utaniona napungua, napungua, mpaka unipoteze kabisa. Usiogope hapo. Ukiona nimekuwa mdogo, ujue unakwenda.